Ini lililopandikizwa likigoma: kulinusuru, kupandikiza tena, au kutopasuliwa tena?

Katika kila operesheni 100 za kupandikiza ini, takribani 5 hadi 10 hufanyiwa mtu aliyekwisha kupandikizwa. Ini alilopewa liligoma tangu siku ya kwanza, au lilifanya kazi miaka kadhaa kisha likachoka. Anayefika hapo, pamoja na ndugu zake, huwa na njia nne mbele yake: kulinusuru ini alilonalo, kupandikizwa ini jingine la marehemu, kupandikizwa kipande cha ini la mtu aliye hai, au kuacha upasuaji na kupata tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso bila kuponya ugonjwa. Si kila hospitali ina uwezo wa kutoa zote nne, wala si kila mgonjwa anafaa kwa zote. Maswali ya kuuliza, hata hivyo, ni yaleyale.

Vigezo kwanza

Nimezipima njia hizi kwa mambo manne: inamfaa nani, hatari zake, matokeo yake, na maisha yanayofuata. La tano linapita katikati ya yote, nalo ni wakati. Ninavyoona mimi, familia nyingi hutumia nguvu kubwa kuuliza "apandikizwe au asipandikizwe?" na nguvu ndogo kuuliza "lini?", ilhali jibu la lini hubadilisha majibu ya mengine yote.

Sababu ni kwamba kupandikizwa mara ya pili kuna ugumu wake, lakini hali ya mgonjwa siku anapoingia chumba cha upasuaji ina uzito mkubwa zaidi. Mambo yanayoashiria matokeo mabaya yanajulikana, na tafiti huyataja tena na tena: umri mkubwa, bilirubini (rangi ya njano ambayo ini hushindwa kuiondoa kwenye damu) iliyopanda sana, figo zilizodhoofu, mgonjwa kuwa kwenye mashine ya kupumulia, na ini lililotoka kwa mchangiaji mzee au lililokaa muda mrefu kwenye barafu. Umri haubadiliki. Bilirubini, figo na mashine ya kupumulia ni mambo ambayo mara nyingi huletwa na kuchelewa.

Alama za MELD, zinazopima ukali wa ugonjwa wa ini, husaidia kuliona hilo kwa tarakimu. Zinaanzia 6 hadi 40, zikipanda hali ni mbaya zaidi, na hukokotolewa kutokana na vipimo vya damu: bilirubini, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, uwezo wa damu kuganda, na siku hizi sodiamu pia. Marekani ilianza kuzitumia kupanga foleni ya maini mwaka 2002, na nchi nyingine nyingi zikafuata. Watu wawili wanaosubiri ini la pili, mmoja akiwa na MELD 18 na mwingine 37, wameandikwa kwenye orodha moja, lakini hatari zinazowakabili hazikaribiani. Kwa hiyo ukipewa asilimia za jumla, zipokee, kisha uulize zako ni zipi.

Njia ya kwanza: kulinusuru ini lililopo

*Inamfaa nani.* Yule ambaye tatizo lake limegundulika mapema, na seli za ini zenyewe bado zinafanya kazi. Visa vikubwa ni vitatu.

Cha kwanza ni mirija ya nyongo kubana. Ikiwa imebana pale tu iliposhonwa, mtaalamu huingiza kamera kupitia mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, akapanua sehemu iliyobana kwa puto dogo na kuacha stenti, kijibomba cha kuiweka wazi, ndani. Stenti hubadilishwa kila baada ya miezi michache, mara nyingi kwa muda unaokaribia mwaka. Wengi hupona kwa njia hii bila kupasuliwa. Ikishindikana, bado kuna upasuaji wa kuunganisha mrija moja kwa moja na utumbo, ambao ni mdogo ukilinganisha na kupandikiza.

Cha pili ni mwili kulikataa ini. Ukataaji wa haraka hutibika kwa dozi kubwa za steroidi na kurekebisha dawa za kushusha kinga. Ule wa polepole, ambao huiua mirija midogo ya nyongo ndani kwa ndani, ni mgumu zaidi. Ukiwahiwa, kuongeza takrolimusi, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Hapa inafaa kuuliza swali lisilopendeza: je, dawa zilikuwa zinamezwa kama ilivyoagizwa? Na kuna dawa nyingine aliyoandikiwa kwingineko? Rifampisini ya kifua kikuu hushusha kiwango cha takrolimusi kwenye damu kwa kasi, nayo flukonazoli ya fangasi hukipandisha. Nimeona mara kadhaa ndugu wakidhani ini "limechakaa" kumbe kuna kidonge kilichoongezwa na daktari wa tatizo jingine kabisa.

Cha tatu ni ugonjwa wa awali kurudi. Homa ya ini aina ya C ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha wengi kwenye foleni. Tangu dawa mpya za kumeza zilipoingia sokoni kuanzia 2013 na 2014, zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona kirusi hicho, na sababu hiyo ya kupandikiza mara ya pili imepungua sana.

*Hatari.* Ndogo kwa kila tendo, lakini zinajikusanya. Kila stenti ina uwezekano wa kuleta maambukizi au kuvimba kongosho. Kuongeza dawa za kushusha kinga kunafungua mlango wa vimelea na kunazichosha figo. Hatari kubwa kuliko hizo ni ya kimya: kujaribu na kujaribu tena hadi dirisha la kupandikiza likafungwa.

*Matokeo.* Mazuri kwa mrija uliobana sehemu moja. Kwa mirija iliyobana sehemu nyingi ndani ya ini, picha ni nyingine. Karibu nusu ya hao, katika baadhi ya ripoti, huishia kupandikizwa tena au kufariki. Tofauti ya hali hizo mbili inaonekana kwenye picha ya MRI ya mirija. Omba uonyeshwe picha yenyewe, usiridhike na neno "mirija imebana".

*Maisha yanayofuata.* Kliniki nyingi, homa za ghafla za mirija, antibiotiki. Lakini mtu analala kwake, na ini ambalo mwili wake unalijua linaendelea.

Njia ya pili: ini jingine la marehemu

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo takwimu hutofautiana zaidi.

*Inamfaa nani.* Wa kwanza ni yule ambaye ini jipya halikuwaka kabisa. Saa chache baada ya upasuaji nyongo haitoki, damu haigandi, asidi inapanda, mgonjwa haamki. Hana njia nyingine isipokuwa ini jingine, na kwa haraka. Wa pili ni yule ambaye ateri ya ini imeziba kwa donge la damu siku za mwanzo. Ini hupata damu kwa njia mbili, ateri na mshipa unaotoka kwenye utumbo, kwa hiyo seli zake zinaweza kuendelea kuishi kwa muda hata ateri ikiziba. Mirija ya nyongo hulishwa na ateri peke yake. Ateri ikifa, mirija inaoza, majipu yanafuata. Ndiyo sababu mgonjwa mpya hupigwa ultrasound ya mishipa mara kwa mara hata akijisikia vizuri: donge likionekana mapema, madaktari wanaweza kulitoa na kuirudisha damu kabla mirija haijaharibika.

Wa tatu ni yule ambaye ini limeharibika polepole, miezi au miaka baadaye, na njia ya kwanza imefika mwisho wake. Ugonjwa wa makovu ya mirija ya nyongo, unaofupishwa PSC, ni mfano mzuri: hurudi kwa takribani mmoja kati ya watano, na dawa ya kuuzuia haijapatikana.

Sheria za foleni zinautambua uharaka huu. Marekani, ini lisilowaka, au ateri iliyoziba na kuliua ini ndani ya siku 7, humweka mgonjwa kwenye kundi la kwanza kabisa. Ateri ikiziba ndani ya siku 14 bila kufikia ukali huo, anapewa alama 40 za MELD. Baada ya hapo anarudi kupimwa kama wengine, hata kama majipu yanamtafuna na bilirubini yake haijapanda sana. Huyu wa mwisho ndiye namwonea huruma zaidi, kwa sababu alama zake hazisemi jinsi anavyougua. Daktari anaweza kumwombea alama za ziada, na ndugu wanapaswa kujua kwamba ombi hilo lipo.

*Hatari.* Hebu tuingie chumba cha upasuaji. Ndani ya wiki ya kwanza tumbo hufunguliwa kwenye kidonda kilekile. Nyuzi za awali zinaonekana, viungo bado havijagandana, na ini bovu linatoka kwa urahisi kuliko lilivyotoka lile la asili. Rudi baada ya miaka mitatu na utakuta utumbo umeng'ang'ania chini ya ini kwa makovu, mishipa midogo imejazwa damu na shinikizo, na kila sentimita inayoachanishwa inavuja. Saa zinapita kabla hata ini kuguswa. Ateri ya zamani mara nyingi haifai kushonewa tena, kwa hiyo mpasuaji huchukua kipande cha mshipa wa nyonga wa mchangiaji, akakishona kwenye mshipa mkuu wa damu na kukivusha hadi kwenye ini jipya. Mrija wa nyongo nao huunganishwa na utumbo kwa kuwa uliopo umekwisha kuwa mfupi.

Kati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kibaya kuliko vyote. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanaopandikizwa tena kati ya siku ya 8 na ya 30 hupata matokeo duni kuliko wa wiki ya kwanza na kuliko wa baadaye. Makovu ni mabichi na yana damu nyingi, dawa za kushusha kinga ziko kwenye kiwango cha juu, na maambukizi yameshaingia. Maambukizi ya damu ndiyo yanayoongoza kuua baada ya ini la pili. Kutokwa na damu na figo kushindwa vinafuata.

*Matokeo.* Ini la kwanza, katika vituo vizuri, takribani wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baadaye, na kama robo tatu au zaidi hufikisha miaka mitano. Ini la pili, mwaka wa kwanza ni takribani asilimia 70 hadi 85 kutegemea kituo na kipindi. Miaka mitano ni kati ya nusu na theluthi mbili. Ripoti za karibuni zinakaa upande wa juu wa makadirio hayo. Ini la tatu na la nne hushuka zaidi.

Madaktari wengi hutumia mstari huu usio rasmi: ikiwa makadirio ya kuishi miaka mitano yako chini ya nusu, hawaandikishi. Sababu si ukatili. Kila ini linalokwenda kwa mtu wa pili ni ini ambalo mtu mwingine hakulipata kwa mara ya kwanza, na huyo wa kwanza angekuwa na nafasi bora. Unaweza usikubaliane na hesabu hiyo, lakini ni vyema kujua kwamba ipo kwenye kikao kinachojadili jina la mgonjwa wako.

Aina ya ini linalotolewa ina uzito pia. Kwa mara ya pili, timu nyingi hupendelea mchangiaji ambaye si mzee, aliyekufa ubongo huku moyo ukipiga, na safari fupi ya barafu. Maini ya waliokufa baada ya moyo kusimama huleta mirija iliyobana zaidi. Mashine za kupitishia maini maji baridi yenye oksijeni zimeanza kubadilisha hilo: utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2021 ulionyesha mirija iliyobana kwa dalili ikishuka kutoka asilimia 18 hadi 6. Ni swali halali kuuliza kama kituo chako kina mashine hiyo.

*Maisha yanayofuata.* Kwa anayevuka miezi ya mwanzo, maisha hufanana sana na baada ya ini la kwanza: dawa kila siku, vipimo, kazi nyepesi kisha za kawaida. Mzigo uliobaki ni wa figo, ambazo zimeshabeba miaka ya takrolimusi au siklosporini. Wengine hufika wakihitaji ini na figo kwa pamoja.

Njia ya tatu: kipande cha ini la mtu aliye hai

*Inamfaa nani.* Mgonjwa ambaye bado ana nguvu, ambaye alama zake ni ndogo mno kufikiwa kwenye foleni, na ana ndugu anayelingana naye kwa kundi la damu na umbo. Katika nchi ambako wachangiaji marehemu ni wachache, mara nyingi hii ndiyo njia pekee.

*Hatari.* Ni mbili kwa pamoja, na hilo linaitofautisha na nyingine zote. Mpokeaji anahitaji kipande chenye uzito wa angalau asilimia 0.8 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 560. Mchangiaji naye lazima abaki na asilimia 30 au zaidi ya ini lake. Hesabu hizo mbili zisipokutana, hakuna operesheni, hata mapenzi yawe makubwa kiasi gani. Ini la aliyetoa hukua tena ndani ya wiki na miezi michache, lakini kwa anayetoa upande wa kulia hatari ya kufa inakadiriwa kuwa takribani mtu mmoja hadi watano kati ya 1,000, na matatizo madogo na makubwa huwapata wengi zaidi.

Kwa upande wa upasuaji, kipande huja na mishipa mifupi na myembamba, kikitafuta pa kushikia kwenye tumbo lenye makovu. Ndiyo maana vituo vingi huepuka njia hii kwa ini la pili, na vile vinavyoifanya sana ni vyenye uzoefu wa miaka mingi wa vipande vya walio hai.

*Matokeo.* Katika mikono yenye uzoefu hukaribia yale ya ini la marehemu, na faida yake kuu ni ile niliyoitaja mwanzo: siku ya operesheni inapangwa kabla figo hazijaanguka. Kwa ini lililogoma ghafla, muda wa kumpima mchangiaji huwa mfupi mno, na si haki kumtaka ndugu aamue maisha yake usiku mmoja.

*Maisha yanayofuata.* Nyumba ina wagonjwa wawili kwa wiki kadhaa. Ini la pili likishindwa, kuna aliyetoa kipande cha mwili wake bila kuokoa. Mchangiaji ahojiwe na daktari ambaye si wa mgonjwa, peke yake, na apewe nafasi ya kusema hapana bila ndugu kuambiwa sababu.

Njia ya nne: kutopandikiza tena

*Inamfaa nani.* Mgonjwa mwenye maambukizi ya damu yasiyodhibitika, saratani iliyoenea nje ya ini, viungo kadhaa vilivyoshindwa kwa pamoja, au ambaye amechoka na anasema hivyo akiwa na akili timamu.

*Hatari.* Ini litaendelea kushindwa. Hakuna wa kulificha hilo. Hatari nyingine ni kuanza tiba hii ikiwa imebaki siku mbili, baada ya wiki nyingi za mateso ambayo yangeweza kupunguzwa.

*Matokeo.* Hapa hupimwa kwa kitu kingine: maji ya tumboni yanatolewa, mwasho unatulizwa, dawa ya laktulosi inazuia kuchanganyikiwa, maumivu yanapata dawa. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha, tiba shufaa haimfuti mtu kwenye foleni. Anaweza kuipata huku akisubiri ini.

*Maisha yanayofuata.* Mafupi, kwa kawaida wiki au miezi, ila yanaweza kuwa ya nyumbani.

Kwa hali yako

Ikiwa ini limegoma ndani ya wiki ya kwanza, njia ya pili ndiyo ya kujadili leo hii, na swali ni kama jina limeshaingizwa kwenye kundi la dharura. Kuna visa ambapo ini lililokufa hulazimika kutolewa kabla jipya halijafika, damu ya utumbo ikielekezwa moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa kurudi moyoni. Mtu huishi hivyo saa chache, kwa shida; usishangae ukiambiwa.

Ikiwa uko kati ya siku ya 8 na ya 30, uliza kama kuna namna ya kutibu maambukizi na kumvusha mgonjwa kwenye kipindi hicho kwanza. Wakati mwingine ipo, kwa mirija ya kutoa usaha na antibiotiki. Wakati mwingine kusubiri ndiko kunakoua, na hapo timu italazimika kwenda.

Ikiwa tatizo ni mirija au ukataaji wa polepole, anza na kulinusuru, lakini muombe daktari aandike mapema alama ambazo zikifikiwa mgonjwa atapelekwa kwenye foleni: bilirubini kiasi gani, homa ngapi za mirija, kreatinini ipi. Makubaliano hayo yakiandikwa kabla, hakuna anayejidanganya baadaye. Kama kuna ndugu anayefaa, apimwe katika kipindi hiki hiki cha utulivu.

Ikiwa mgonjwa ni mtoto, ateri huziba mara nyingi zaidi kwa sababu mishipa ni midogo, lakini kipande kidogo cha ini humtosha, na mara nyingi mchangiaji hai hutoa upande wa kushoto ambao hatari yake ni ndogo kuliko wa kulia. Mizani inaegemea zaidi kwenye kupandikiza.

Ikiwa ini la kwanza liliharibika kwa sababu dawa hazikumezwa, kikao kitauliza kwa ukali. Nenda na jibu la kweli: madhara ya dawa, sonona, kukosa dawa zenyewe, au vyovyote ilivyokuwa, pamoja na jina la mtu atakayesimamia dozi safari hii.

Na ikiwa mgonjwa tayari yuko chumba cha mahututi, yuko kwenye mashine ya kupumulia na anasafishwa damu, omba kikao kimoja kinachowakutanisha timu ya kupandikiza na ya tiba shufaa kwa pamoja, waulizwe mbele yenu makadirio ya mgonjwa huyu mwenyewe kwa mwaka mmoja na kwa miaka mitano, na ni mabadiliko gani katika saa 48 zijazo yatakayowafanya waseme operesheni haifanyiki.